Mwalimu wa Hesabu na Kipanya Mfukoni

Nilipopangiwa kufundisha fizikia na kompyuta katika shule moja ya kutwa juu ya mlima, mbele kidogo ya Kebirigo, mtu wa kwanza kunivutia alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa amekaribia kustaafu, na koti lake la kijivu lilikuwa na vumbi la chaki mabegani hata siku za likizo. Wiki yangu ya kwanza nilipita nje ya darasa lake nikamwona akichora duara ubaoni kwa mkono mtupu, bila bikari wala kamba. Mkono ulizunguka mara moja ukarudi pale pale ulipoanzia. Kisha akasogea kando, wanafunzi walitazame.

Mimi nimezaliwa Kisii mjini, kwenye familia ya wauza vitambaa karibu na msikiti. Ekegusii yangu ni ya sokoni: najua kusalimu, kupunguza bei na kuomba radhi. Pale shuleni nilikuwa mgeni na nilikuwa mdogo kuliko walimu karibu wote. Kwa hiyo projekta na laptopu zilipoletwa, na mwalimu mkuu akaniambia niwafundishe wenzangu kuzitumia, nilijua nina kazi. Nilibandika tangazo la mafunzo kwenye chumba cha walimu. Siku yenyewe ilipofika nilikaa peke yangu na chupa nzima ya chai.

Kwenye kikao cha walimu, mzee wa hesabu alieleza kwa upole. "Madam, hiyo mashine ni nzuri. Lakini mimi niko na chaki, na chaki haijawahi kuniuliza nenosiri."

Walimu walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu ilichekesha kweli.

Basi nikaitumia mwenyewe. Niliwaonyesha Kidato cha Tatu mawimbi ya maji yakipishana ukutani, na wao wakafurahi kama watu walio kwenye sinema. Siku moja mzee aliomba kuketi nyuma ya darasa. Baadaye, tukinywa chai ya saa nne, akaniambia, "Picha zako nzuri, Madam. Shida ni moja. Unawapa jibu kabla hawajalitamani. Yale mawimbi yakikaribia kukutana, simamisha. Uliza, sasa itakuwaje? Halafu nyamaza."

Maneno hayo yalinichoma kidogo. Hata hivyo, kesho yake nilikuwa na mkondo wa pili wa kidato hicho hicho, nikasimamisha mawimbi mahali aliponiambia. Nikauliza, sasa itakuwaje? Mmoja akasema yatagongana na kurudi. Mwingine akasema yatapita. Wakaanza kubishana, wengine wamesimama, na kengele ilipolia hakuna aliyetaka kutoka kabla hajaona. Nilikwenda kumshukuru mzee. Nilimkuta mezani kwake, ameinamia kitu alichokiunda kwa spoki za baiskeli na kipande cha katoni.

Ilikuwa piramidi. Alikuwa akifundisha Kidato cha Nne kutafuta pembe kati ya mstari unaopanda na kitako cha umbo, na wanafunzi walichagua pembe isiyofaa kila mara. "Ubao ni bapa," alisema. "Nikichora, wanaona mistari tu. Nikileta hii, dawati la mbele ndilo linaona." Aliigeuzageuza mkononi. "Hicho chombo chako kinaweza kuzungusha kitu kama hiki?"

"Kinaweza, Mwalimu."

"Basi nifundishe. Lakini si mbele ya watu."

Tukawa tunakutana saa ya michezo, katika stoo ya maabara. Mkono ule uliochora duara bila kosa ulikishika kipanya kama anayeshika yai la moto. Mshale ulipofika mwisho wa kioo, yeye aliinua kipanya hewani akitaka kuufuata. Kabla ya kuandika chochote alipuliza vibonye, kwa mazoea ya vumbi la chaki. Sikucheka, ila kuna siku nililazimika kutoka nje nikajidai kutazama mvua.

Siku piramidi yake ya kwanza ilipozunguka kwenye kioo, alisogeza kiti karibu. Aliizungusha kulia, akairudisha, akaitazama kutoka juu. Nje ya dirisha wachuma chai walikuwa wakirudi na vikapu mgongoni, naye bado anaizungusha. "Nimeifundisha miaka yote," alisema mwishowe, "na kichwani mwangu ilikuwa hivi hivi. Sikuwa na njia ya kuwaonyesha."

Siri yetu ilitolewa na kipanya chenyewe. Alikibeba nyumbani kuufanyisha mkono mazoezi, na asubuhi akaingia darasani waya ukining'inia nje ya mfuko wa koti. Msichana mmoja wa Kidato cha Nne akainua mkono. "Mwalimu, uko na mkia."

Nilisikia kicheko nikiwa darasa la jirani. Aliniambia baadaye kwamba alikitoa akakiweka mezani, akawaambia, "Najifunza. Mlidhani mnasoma peke yenu?"

Akaamua kuifundisha piramidi kwa projekta, lakini darasa lake lilikuwa na mwanga mwingi mno, kwa hiyo Jumamosi nilikwenda dukani kwetu kuomba kitambaa cheusi. Baba alikuwa ameshashika mkasi. "Ni cha buibui?"

"Ni cha hesabu, Baba."

Aliniangalia, akapima, akakata. Alipoelewa ni cha madirisha aliongeza kipande kingine.

Siku ya somo niliketi nyuma. Mzee aliwasha kila kitu mwenyewe, akabonyeza kitu asichokusudia, na piramidi ikatokea ukutani kichwa chini, kitako juu. Nilisimama haraka nikamsaidie. Alininyooshea kiganja nikae.

"Tuiache hivyo," akawaambia wanafunzi. "Piramidi ni piramidi hata ikisimama kwa kichwa. Pembe yetu iko wapi?"

Akanyamaza. Yule msichana wa mkia, ambaye ndiye aliyekuwa akiikosa kila siku, alitembea hadi ukutani. Mistari ya mwanga ikamwangukia mkononi na kwenye sweta. Alifuata mstari kwa kidole hadi kwenye kitako, akaomba izungushwe kidogo, akaomba tena. "Hapa," alisema. "Kati ya mstari na kivuli chake."

Mzee hakumsifu. Aliuliza darasa, "Mnakubali?" Wakakubali, kisha wakaanza kuelezana wenyewe kwa wenyewe kwa Ekegusii, kwa kasi ambayo mimi sikuweza kuifuata. Mimi nilifurahi kama niliyeipata pembe mwenyewe.

Siku hizi anatumia projekta pale tu picha inapohitaji kusogea. Mengine bado ni chaki. Wiki iliyofuata somo lile nilibandika tangazo jingine, nikaja na chupa ya chai, na safari hii viti havikutosha. Walimu walikuwa wamekuja kwa sababu yake, na hilo halikunisumbua. Mimi nilieleza kwa Kiswahili, yeye akaeleza upya kwa Ekegusii, na maelezo yake ndiyo yaliyoshikika. Mwalimu wa kilimo alibaki mlangoni, akisema amepita tu, hana muda, na vidole vyake vimekomaa kwa jembe.

"Kaa hapa," mzee akamwambia, akimsogezea kiti chake mwenyewe. "Kwanza tuiwashe."