Kia Gumi

Baba yangu hakuwahi kuzitofautisha B na P, G na K, wala D na T, na hakuona sababu ya kujisumbua. Kwake mimi nilikuwa nikifundisha watoto kusoma "kitapu", na chai ilinywewa kwa "gikombe". Tulipokuwa wadogo tulicheka kimoyomoyo, maana kucheka kwa sauti kulikuwa na gharama yake. Nilipomaliza chuo cha ualimu nikajiona nimeiva, nikajaribu kumsahihisha mara moja tu. Alinitazama, akaniuliza, "Umeelewa nilichosema?" Nikasema nimeelewa. "Sasa shita iko wapi?"

Shida ilikuja kujitokeza kwenye baiskeli.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimepata kazi ya ualimu katika shule iliyokuwa mbali kidogo na kwetu, huko kwenye barabara ya lami, na kwetu ni upande wa Sosiot, juu ya mlima, mahali ambapo chai inaanzia kwenye ua wa nyumba na kuteremka hadi mtoni. Mama alikuwa ametutoka. Kaka zangu walikuwa na kazi zao mjini Kericho, dada yangu ameolewa Kaplong, na katika ile nyumba ya mabati tulibaki Baba na mimi, pamoja na ng'ombe, ambao Baba aliwahesabu kuwa watu wa nyumbani.

Kwa miguu nilifika shuleni kengele imeshalia na watoto wameshasimama mistarini. Mwalimu mkuu, mtu mwenye huruma lakini mwenye saa, akaniambia kuna chumba kimoja kimebaki kwenye nyumba za walimu. Kama nakitaka niseme kabla shule hazijafungwa, kama sikitaki basi niwe nafika mapema. Nilimweleza Baba jioni hiyo. Akasema, "Chumpa ni kizuri," kisha akaiacha chai yake ikapoa mpaka ikafanya ngozi juu.

Baba hakuwa mtu wa kula peke yake. Tangu Mama afe, siku nilizochelewa nilikuta sufuria ya ugali imefunikwa, haijaguswa, naye ameketi mlangoni akijifanya anasikiliza redio. Sikutaka kumwacha, nasema wazi. Naye hakutaka niende, ila angeweza kutembea hadi Fort Ternan bila viatu kabla ya kulitamka neno hilo.

Kwa hiyo ni yeye aliyeitaja baiskeli. Bonasi ya chai ilikuwa imetoka, ule msimu ambao kila mtu kwetu hununua kitu kinachong'aa. Watu waliezeka mabati mapya, wengine wakaoa. Baba alisema atanunua paiskeli. Shangazi yangu, dada yake, alipolisikia alivuka mashamba mawili kuja kuuliza mwanamke ataketije juu ya chuma kama kile, na kanisani watasema nini. Baba akamjibu kwamba kanisani wanasema hata sasa, na bado hawajachoka.

Kuendesha nilijifunza chuoni, kwa baiskeli ya mlinzi wa lango, na nilikuwa nimeanguka vya kutosha kujiona mzoefu. Kuchagua ndiko sikukujua. Wakati huo kila mtu kwetu alijua baiskeli moja, ile nyeusi nzito iitwayo blakmamba. Ilibeba mikebe ya maziwa, ikabeba magunia ya majani chai hadi kituo cha kuuzia, ikabeba bibi harusi. Lakini kuipandisha mlimani kulikuwa sawa na kumsukuma fahali anayekataa kuingia kwenye dipu la kuogeshea ng'ombe. Halafu zilikuwepo zile za magurudumu manene zilizoanza kuingia, ambazo vijana walizipenda kwa rangi zake. Na kwenye duka la vyuma hapo sokoni Sosiot, ikining'inia kwa kamba kati ya majembe na makopo ya rangi, ilikuwepo resa, baiskeli ya mashindano.

Ilikuwa imeshatumiwa na mtu mwingine, rangi ya samawati iliyochubuka. Magurudumu yake yalikuwa membamba kiasi kwamba ungedhani imesahau kula, na usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Ilikuwa na gia kumi. Nilipita pale duka likiwa na watu, nikakigusa kiti, nikaendelea na safari. Nilipofika nyumbani Baba akaniuliza nimeona nini huko. Mapenzi ni kikohozi.

Siku ya soko nilikuwa darasani, kwa hiyo nikamtuma Baba amwambie mwenye duka asiiuze. "Mwambie ile ya gia kumi," nikasisitiza, kwa sababu ya mlima wetu. Bila gia nyepesi, mlima ule ulikuwa wa mbuzi. Baba akarudi jioni ameridhika. Alikuwa ameongea, wameelewana, na Jumamosi twende tukaichukue.

Mwenye duka alikuwa mtu wa kutoka Mkoa wa Kati, aliyekuja kwetu zamani na kuoa na kuzaa hapohapo. Alikijua Kiswahili cha biashara na Kikipsigis cha kusalimia, na alikuwa na vita vyake mwenyewe na herufi L, mara ashinde mara ashindwe. Alitupokea kwa "Chamgei, mzee," akaitoa resa nje, ameipangusa mpaka ikang'aa.

Baba hakuisogelea mara moja. Alianza kwa kusimama mbali, mikono nyuma, akaiangalia kwa ubavu kama alivyomwangalia ng'ombe mnadani, bila kuonyesha kwamba anaitaka. Kisha akazunguka nyuma, akachuchumaa, akaangalia kama miguu imesimama sawa. Akaliinua gurudumu la mbele akalizungusha, akaweka sikio. Akabonyeza kiti.

"Imezaa mara ngapi?" akauliza.

Mwenye duka hakupepesa macho. "Mara moja tu, mzee. Mtu wa kwanza alikuwa mwarimu pia. Aliichunga vizuri."

"Mbona imekonda?"

"Hii ndio mbegu yake. Hata ukiilisha namna gani, hainenepi."

Walifurahiana, wale wazee wawili. Mimi sikuwa nawasikiliza tena, kwa maana nilikuwa nimeinama kwenye gurudumu la nyuma nikitafuta zile sahani za meno, ndogo kwa kubwa, ambazo niliziona nilipopita. Hazikuwepo. Kulikuwa na sahani moja, ndogo kama kifuniko cha soda, na cheni imekazwa juu yake. Vile vyuma vidogo vya kuhamisha cheni navyo vilikuwa vimetolewa.

"Gia ziko wapi?" nikauliza.

"Nimetoa, madam," akasema mwenye duka kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi ya ziada. "Mzee arisema anataka gia gumu. Nikaita fundi, akatoa zile laini zote, akaacha ngumu peke yake. Hiyo ni ya watu wa mashindano kabisa."

Nikamgeukia Baba. Baba akamgeukia mwenye duka.

"Mimi nilisema kia gumi."

"Ndio, mzee. Gumu."

"Gumi."

"Si ndio hii? Gumu kabisa. Jaribu kukanyaga uone."

Baba akavuta pumzi. Akainua mikono yake miwili mbele ya uso wa yule mtu, akakunjua vidole vyote, akavishikilia hapo hewani. Mwenye duka akavitazama vile vidole, kimoja baada ya kingine, akaitazama baiskeli, kisha akakaa taratibu juu ya mfuko wa mbolea.

"Kumi," akasema.

"Si ndio nimesema?" akajibu Baba.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kuwa sokoni kuna watu sikufanya lolote. Zile gia zilikuwa zimeshakwenda kwa ndugu wa mwenye duka huko Fort Ternan, aliyekuwa na baiskeli yenye shida. Mwenye duka aliapa atazifuata. Lini, hakuweza kusema. Kwa sasa kulikuwa na ile resa ya sahani moja, na kulikuwa na blakmamba mpya kabisa ikiwa imesimama mlangoni na keria yake pana. Niliona macho ya Baba yakienda kwenye ile keria na kurudi. Mikebe ya maziwa ingekaa pale vizuri sana.

"Chagua, mwalimu," akasema. "Miguu ni yako."

Nikaipanda resa, suruali ndani ya sketi, nikazunguka soko. Mwanzo iligoma, ikanibidi nisimame juu ya pedeli kwa uzito wangu wote. Kisha nikatokea kwenye lami, na hapo ikakimbia. Sikuwahi kupita kitu chochote kwa haraka hivyo. Akina mama wa kabeji, ukuta wa posho mili inakosagwa unga, mikaratusi, vyote vilirudi nyuma, na macho yakanitoka machozi ya upepo. Nikarudi, nikashuka. Baba aliniangalia usoni, akamlipa yule mtu.

Jumatatu niliteremka mlima wetu nikiwa nimeshika breki na roho, nikaingia lami, nikafika shuleni kabla ya mtu wa kengele. Mwalimu mkuu alitazama saa yake, akatazama baiskeli, akasema "Aa." Asubuhi haikunisumbua tena.

Jioni ndiyo iliyonisumbua. Mvua ya kwetu huanza alasiri, na siku hiyo haikukosa. Nilipofika chini ya mlima udongo mwekundu ulikuwa umelainika, na ile gia ngumu ikawa ngumu kweli. Nilisimama juu ya pedeli, nikaguna, nikafika kwenye kituo cha kuuzia majani chai, basi. Magurudumu yale membamba yalizama. Nikashuka, nikasukuma, nikateleza, nikapiga goti. Hapo nikakasirika, hasira ile ya machozi. Nikaapa kwamba kesho nakwenda kusema nakitaka kile chumba, na Baba atazoea, watu huzoea.

Nilipoinua kichwa nikamwona akiteremka na koti lake la mvua.

"Nilikuja kuangalia majani ya ng'ombe," akasema.

Hakuwa na panga wala kamba. Alikuja nyuma yangu, akaweka mkono juu ya kiti cha baiskeli, na tukaanza kupanda, mimi nikishika pembe zile na yeye akisukuma kwa nyuma. Hakuniuliza habari za gia. Tulipofika kwenye kona ya miti ya misipresi akaanza kuongea, bila kuanzishwa, akanieleza jinsi alivyomfuata Mama kwao mara ya kwanza, mvua kama hii, na kwamba wazee wa kule walimwacha nje kwanza waone kama ataondoka. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Tulifika nyumbani tumelowa, tukanywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, tukala ugali, naye akakaa kimya kama kawaida yake.

Kesho yake alikuwa pale tena, kuangalia majani. Keshokutwa pia. Sikukisema kile chumba. Muhula wote ule tuliupanda mlima hivyo, na mlimani Baba alikuwa mtu mwingine. Pengine ni kwa sababu alikuwa nyuma yangu na sikuuona uso wake. Aliongea habari za mabwana wa chai aliowafanyia kazi ujanani, na za ng'ombe mmoja aliyekuwa na wivu, na za jina ambalo Mama alitaka kunipa likakataliwa na bibi. Nikifika juu nilikuwa nimechoka na sikutaka tuwe tumefika.

Shule zilipokaribia kufungwa, mwenye duka akaja mwenyewe hadi nyumbani na gia zimefungwa kwenye gazeti, na fundi wake nyuma. Walizirudisha zote. Baba aliwapa chai na kusimamia kazi, akizihesabu kwa sauti ili pasiwe na makosa tena. Alipofika kumi alimtazama mwenye duka, wote wawili wakacheka mpaka wakakohoa.

Jioni iliyofuata nilipiga gia laini pale chini ya mlima na resa ikapanda yenyewe, polepole, kama mtu anayejua anakokwenda. Nilimkuta Baba kwenye kituo cha majani, mkono tayari umenyooshwa kupokea kiti. Nikampita. Nilitaka kusimama lakini ningesimama nisingeweza kuanza tena, na nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilipogeuka nilimwona bado amesimama pale, mkono ukishuka. Alifika nyumbani baadaye sana, akasema, "Kumpe kia gumi ni tawa." Na siku iliyofuata hakuja.

Ilikuwa haki yake. Nilikuwa nafika mapema, ugali ulikuwa moto, redio ilikuwa inaongea. Tulikula pamoja kila siku, kama tulivyotaka. Na mimi nilimkosa mtu aliyekuwa mita chache kutoka kwangu, nilimkosa vibaya, sikujua nitamwambia vipi. Kwetu mambo kama hayo hayana maneno yake.

Muhula mpya ulipoanza, jioni moja nikitoka shuleni nikasimama chini ya mlima, nikairudisha cheni kwenye ile sahani ndogo kama kifuniko cha soda. Nikapanda nikitweta mpaka kwenye kituo cha majani, nikashuka, nikaketi kwenye benchi la wachuma chai. Mvua ilianza. Nikangoja.

Alikuja na koti lake.

"Imeharibika?"

"Imekuwa gumu, Baba."

Akainama, akaiangalia ile cheni pale ilipokaa, akaiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akanyooka, akaweka mkono juu ya kiti.

"Na mimi nilimwambia gumi," akasema, na tukaanza kupanda.