Chumba cha Mama Shwari

Kina mama wa kiwandani walipompa jina la Mama Shwari walikuwa na haki. Watoto tisa aliachiwa kila siku chumbani kwake, wote hawajatimiza mwaka, na ukisimama mlangoni saa nne asubuhi husikii hata kikohozi. Watu walikuja kusikiliza makusudi, wakaondoka wakitikisa vichwa.

Siri yake hakuificha. Mtoto mpya akianza kulia, yeye hufunga mlango akaenda zake uani kufua nepi. Siku ya kwanza mtoto hulia saa nzima, siku ya pili nusu saa. "Ikifika ya tano," alikuwa akisema huku akicheka, "ameshajua hakuna mtu." Chupa za maziwa aliziegemeza kwenye taulo zilizokunjwa, kila mtoto akanyonya peke yake akitazama dari. Kubeba beba hakutaka kabisa. Ukimzoesha mtoto mikono, umejitafutia balaa. Na tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Sakafu yake iling'aa, nepi zilibadilishwa kwa wakati, hakuna aliyeshinda na njaa.

Wa tisa alikuwa mjukuu wake mwenyewe. Binti yake, msusi, alimleta akiwa na miezi mitatu. "Mama, huyu analia mno, mimi nimechoka." Bibi akampokea kwa madaha, na siku ya tano Kidoti, waliyemwita hivyo kwa alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake, alikuwa kimya kama wenzake. Bibi alijisifu wiki nzima.

Kidoti alipotimiza miezi tisa, muuguzi wa chanjo akaja na kisanduku chake cha barafu. Bibi akampakata mjukuu, muuguzi akachoma paja. Mtoto alikunja uso kidogo, akatazama ukuta.

"Umeona jasiri wangu huyo?" Mama Shwari alisema.

Muuguzi hakucheka. Alimpigia Kidoti vidole karibu na sikio, mtoto akageuza kichwa. "Kusikia anasikia. Hebu mwite wewe, mama."

"Kidoti. Bibi huyu hapa, mjukuu wangu." Macho ya mtoto yalipita usoni kwake kama yalivyopita kwenye kabati, yakaishia dirishani.

"Mtoto akiumia hutafuta mtu," muuguzi alisema taratibu. "Huyu hakutafuta mtu yeyote. Hata wewe uliyempakata."

"Ni mpole tu, mwanangu."

"Si upole, mama. Amekata tamaa. Bado mdogo, anaweza kurudi, lakini awepo mtu mmoja anayemwendea kila akiita. Na akiwa haiti, umwendee vilevile."

Maneno hayo yalimwingia Mama Shwari, yakakataa kutoka. Kesho yake alimlisha Kidoti mapajani, uso kwa uso, akimsemesha. Mwili wa mtoto ulikuwa umekakamaa kama ubao. Alimbeba akifagia, alimbeba akifua, mgongo ukamuuma, na kila alipomweka chini alisubiri hata mguno. Hakupata kitu. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili nayo ikaisha. Msusi akawa anaogopa kuuliza. Kile kimya Mama Shwari alichokuwa akisifiwa kwacho, sasa kilimtia baridi kila alipofungua mlango, akawa anakohoa makusudi ili asikisikie.

Wiki ya tatu, siku moja adhuhuri, alimlaza Kidoti mkekani akaenda kuchukua chupa. Hajafika mlangoni, akasikia sauti nyembamba nyuma yake, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyesahau namna ya kuitumia. Aligeuka. Kidoti alikuwa analia. Mikono ameinyoosha, machozi yanamtiririka, na macho yako kwake, usoni kwake hasa.

Chupa aliisahau, akarudi mbio. "Nimekuja, bibi yako nimekuja," alisema, akamkumbatia, wakalia wote wawili, na alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua katika chumba kile.

Ndipo alipotazama juu ya bega la mtoto. Kilio kimejaa chumba kizima, na wale wanane hakuna aliyegeuza kichwa. Wamelala kwenye mikeka yao, macho darini, chupa zimeegemea taulo. Akawakumbuka mmoja mmoja, na siku ya tano ya kila mmoja. Akawakumbuka na waliotangulia. Kazi hii ameifanya miaka kumi na miwili, na wa kwanza wao sasa wanavaa sare za shule.

Jioni mama wa kwanza alifika kutoka kiwandani, kitambaa cha kazi bado kichwani. Alisimama mlangoni akasikiliza, akatabasamu kama kawaida.

"Wangu hakukusumbua, Mama Shwari?"

Mama Shwari alikuwa amekaa chini, Kidoti kifuani, mtoto wa yule mama mkono wa pili, amekakamaa, akitazama ukuta.

"Hajasumbua," alisema. "Kaa kwanza, mwenzangu, nikueleze nilichomfanya."