Bisibisi ya Mturuki

Jumanne nilisimama mbele ya afisa wa vibali, mtoto mgongoni. Kiwanda chetu kidogo cha asali pale Ng'ambo kina fundi mmoja tu wa mashine, Mturuki, na kibali chake kinaisha. Sheria siku hizi inataka kila fundi mgeni amfundishe mwenyeji mmoja kazi yake, na jina lililoandikwa ni langu, mimi niliyeishia kidato cha nne! Nikikosea, fundi anaondoka.

"Haya mama, asali ikiwa na maji mengi mnafanyaje?" afisa akauliza.

Nikafunguka! Nikaeleza kipimo, nikaeleza moto wa taratibu, nikaeleza kichujio, hata pumzi sikuvuta.

Afisa akaweka kalamu chini. "Mbona unajua kila kitu? Sasa huyu mgeni wa nini tena?"

Hajati, mwenye kiwanda, akanifinya kiuno.

"Mashine ikiharibika sijui kuifungua, afande," nikasema, na ni kweli tupu. "Nikishika bisibisi tu, ananifukuza."

Afisa akamgeukia fundi aliyekaa nyuma yetu. "Kwa nini?"

"Ataharibu," fundi akanong'ona, uso umemwiva.

Afisa akacheka mpaka mtoto akaamka. "Napendekeza aongezewe mwaka mmoja. Lakini bisibisi ashike mama."

Tulitoka tukicheka wote. Nilimcheka sana fundi wa watu, jamani, mpaka jana binti mpya kiwandani aliponiomba nimwonyeshe kusoma kile kipimo, nikajisikia namjibu, "Acha tu mwanangu, nitasoma mwenyewe."