Mhojiwa wa Saba

Bibi Dina alipewa mtihani wa kueleza anachoamini Bibi Dina, akapata maksi thelathini na nane kwa mia. Nalisema mapema ili mtu asidhani natia chumvi. Karatasi ninayo mimi, Stephano, katibu wa wazee wa kanisa katika mtaa mmoja wa milimani, juu ya mji wa Mlalo, na nimeitia kwenye jalada moja na barua yangu ya kustaafu.

Bibi Dina ana miaka sabini na tatu, ni mjane, na shamba lake la viazi limekaa kwenye mteremko mkali hivi kwamba kiazi kikikuponyoka unakwenda kukidai kwa jirani. Amefundisha shule ya Jumapili miaka thelathini na mmoja. Mchungaji wetu, Alen, alijifunza Baba Yetu kwake. Mimi nilijifunza kwake kunyamaza. Anapopalilia huongea na Mungu kwa Kishambaa, kwa sauti kubwa, na siku nyingine humkaripia kabisa. Wapita njia humwitikia wakidhani wameitwa wao.

Kitu kimoja hana, nacho ni cheti cha kipaimara. Jumapili ambayo wenzake walibarikiwa, mama yake alishikwa na uchungu, naye Dina akabaki nyumbani kuchemsha maji. Wiki iliyofuata mchungaji wa wakati ule alimwekea mikono peke yake, akamwambia yatosha, njoo mezani pa Bwana. Hakuna aliyeandika. Mchungaji huyo alishafariki, na kwa miaka hamsini na kitu hakuna aliyeuliza.

Aliyekuja kuuliza ni mimi. Mwaka juzi alikuja bwana mmoja wa mjini kuwa msimamizi wa ubatizo. Mchungaji alipomwuliza kama anamkataa shetani na kazi zake zote, alijibu, "Inategemea," kisha akataka kujua pilau ni saa ngapi. Nilighadhibika. Usiku huohuo nikaandika kanuni: hakuna kusimamia ubatizo bila cheti cha kipaimara, na asiyekuwa nacho ahudhurie mafunzo, afaulu mtihani. Wazee wakapitisha bila kusoma. Nikagonga muhuri mara mbili. Nilikuwa karani wa ofisi ya misitu miaka thelathini, na mtu aliyezoea muhuri huugonga hata pale ambapo angepaswa kukuna kichwa.

Kanuni yangu haikumnasa yule bwana wa pilau, maana cheti alikuwa nacho. Ikamnasa Bibi Dina.

Mjukuu wake Loveness, ambaye mama yake, Evelina, binti wa Bibi Dina, alifariki miaka mitatu iliyopita, alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati. Kilo moja na robo. Wauguzi walisema mtoto abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, wakipokezana. Loveness alikuwa hoi, basi sehemu kubwa ilimwangukia bibi. Siku arobaini alikaa na kile kitoto ndani ya kanga, akamenya viazi kwa mkono mmoja. Na humo ndimo alimoweka nadhiri. Alimwambia Mungu: ukimwacha huyu aishi, nitamshika mwenyewe mbele yako siku ya ubatizo, sitamtuma mtu.

Mtoto akaishi. Ubatizo ukapangwa Pasaka. Nami nikaenda kumweleza mwanamke aliyembeba mtoto siku arobaini kwamba kumshika dakika tatu kanisani kunahitaji cheti.

"Umeandika wewe?" aliniuliza.

"Ni mimi, Bibi."

"Mwandiko wako umekuwa mzuri," akasema, akaendelea kupepeta maharage. Heri angenitukana.

Mafunzo yalifundishwa na Eliudi, kijana wetu aliyerudi na shahada ya theolojia. Sina ugomvi na elimu yake. Anajua Kiyunani, anajua nani alimwandikia nani barua na kwa nini, na mahubiri yake yana tanbihi. Alipokuwa chuoni, miaka sita iliyopita, alikuja kufanya utafiti juu ya maombi ya wanawake wakulima wa milimani. Wiki mbili alikaa jikoni kwa Bibi Dina na kinasa sauti, akala makande yake, akanenepa. Tasnifu ikasifiwa sana. Na sasa kitabu cha mafunzo yetu kilikuwa tasnifu hiyohiyo, imefupishwa.

Bibi Dina alihudhuria majuma sita, akakaa na watoto wa miaka kumi na mitatu, akiwagawia matunda ya plamu. Siku ya mtihani, swali la nne, lenye maksi arobaini peke yake, liliuliza: "Wakulima wa milimani wanaelewaje namna Mungu anavyosikia maombi?" Yeye aliandika: "Sijui. Mimi namwambia tu." Eliudi akampa sifuri, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: "Soma tena maneno ya Mhojiwa wa Saba, ukurasa wa 41."

Bibi ni mtu mtiifu. Aliazima tasnifu, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa 41. Kisha akanyanyuka, akaja kwangu, tukaenda wote kwa Eliudi.

"Shikamoo, Bibi," Eliudi akasimama.

"Marahaba. Mwanangu, huyu Mhojiwa wa Saba ana ng'ombe wa pembe moja."

"Ndiyo, Bibi."

"Anachomwa macho na moshi kwa sababu fundi alisahau dirisha la jiko."

"Ndiyo."

"Huyu ni mimi."

Eliudi akatazama dari. "Bibi, kwa maadili ya utafiti, siwezi kuthibitisha wala kukanusha. Utambulisho wa wahojiwa ni siri. Nilitia saini."

"Lakini mimi najijua!"

"Unaweza kujijua, Bibi. Mimi ndiye nisiyeruhusiwa kukujua."

Nikaingilia kati. Nikasema kama huyu ndiye aliyesema maneno yale, basi jibu lake jipya nalo ni sahihi. Eliudi akasikitika, kweli alisikitika, si mtu mbaya. Akaeleza kwamba mhojiwa habadilishi matokeo baada ya chuo kuyapitisha. Sampuli ilishafungwa. Akakubali kumpa mtihani wa marudio, Jumamosi kabla ya Pasaka.

Njiani kurudi nilifurahi. Niliona mambo yamekwisha, maana jibu lilikuwa lake mwenyewe, la kunakili tu. Nikafungua ukurasa wa 41, nikalisoma kwa sauti: "Mungu husikia kama mama aliye chumba cha pili mtoto anapolia. Hata asipokuja mara moja, amesikia." Maneno matamu. Maprofesa walipiga makofi, Eliudi alituambia.

"Andika hivyohivyo, Bibi," nikasema. "Huwezi kushindwa kujinakili."

Akasimama katikati ya njia, kapu kichwani.

"Hayo niliyasema Evelina akiwa hai, Stephano. Ulikuwepo alipougua. Nililia chumba cha pili miezi minane. Hakuja mtu." Akaliweka kapu sawa. "Sikuacha kumwambia. Asubuhi namwambia, jioni namwambia. Ila kusema amesikia, siwezi tena. Labda amesikia. Sijui. Sasa niandike uongo ili nikamshike mtoto mbele yake? Si atanicheka?"

Niliona aibu mpaka kwenye masikio, na nikauchukia muhuri wangu.

Jumamosi aliandika tena: "Sijui. Mimi namwambia tu." Eliudi alikaa na ile karatasi muda mrefu, kalamu hewani. Alijaribu kumpa maksi mbili za mwandiko, akazifuta. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko wino. "Ni jibu kubwa, Mzee Stephano," aliniambia. "Lakini halimo kwenye mwongozo." Thelathini na nane kwa mara ya pili.

Mchungaji Alen akashika kichwa. Kanuni ni ya baraza la wazee, akasema, naye hawezi kuipinda mbele ya usharika. Ikaamuliwa Eliudi mwenyewe, kwa kuwa ana vyeti vyote, amshike mtoto.

Jumamosi hiyo nilifungua kitabu cha ubatizo kujaza mapema, kama ninavyofanya siku zote. Safu ya kwanza, jina la mtoto. Safu ya nne, jina la msimamizi. Nikaitazama ile safu. Nikafungua kalamu ya wino na kuandika taratibu, kwa mwandiko ule aliousifu.

Asubuhi ya Pasaka, kabla ya kengele ya pili, nikawaonyesha Mchungaji na Eliudi kitabu. Msimamizi: Mhojiwa wa Saba. Uthibitisho wa imani: tasnifu, ukurasa wa 41, imepitishwa na chuo.

Eliudi alisoma mara mbili. "Mzee, huwezi kuandika hivi."

"Mhojiwa wa Saba hajui imani?"

"Anajua. Ndiye msingi wa shahada yangu."

"Basi kafaulu?"

"Chuo kimempitisha, ndiyo."

"Na akitokea mtu leo, akasema yeye ndiye, wewe utamkanusha?"

Eliudi akanirudishia kitabu mikononi. Kisha nikaona jambo ambalo sijaliona kwake tangu arudi: alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku la vitabu vya nyimbo. "Siwezi," akasema. "Nilitia saini."

Mchungaji akavaa kola yake. "Basi asimame," akasema.

Wakati ulipofika, Alen akatangaza kwa uso mkavu: "Msimamizi wa mtoto huyu, Mhojiwa wa Saba, aje mbele." Watu wakageuka kutafuta mgeni. Mzee Danieli wa kwaya alichungulia mlangoni. Bibi Dina aliinuka kutoka benchi la tatu, akapangusa mikono kwenye kanga ingawa ilikuwa safi, akaenda kupokea mtoto kwa Loveness.

Mtoto alikuwa akilia. Alipofika kifuani pale alipolala siku arobaini, akanyamaza.

Mchungaji alisoma maswali. Akafika lile la mwisho: "Je, utamwombea mtoto huyu, ukiamini ya kwamba Mungu anasikia?"

Eliudi, kwenye benchi la wazee, aliinama. Mimi nilishika kitabu kwa mikono miwili.

"Nitamwambia," alisema Bibi Dina.

Alen alisubiri kidogo kuona kama yapo mengine. Hayakuwepo. Akachota maji.

Maji yalipokuwa bado yanachuruzika, Bibi alimwinua yule mtoto kidogo, kimo cha kidevu chake, akaanza kusema kwa Kishambaa, kwa sauti ileile ya shambani, hata waliokaa nyuma walisikia:

"Huyu hapa. Nilisema nitamshika mwenyewe, nimemshika. Sasa ni zamu yako."