Siku Nilipomfuata Mzee Wangu Ndani ya Hedifoni

Jamani, hata sasa nikisimulia hili natazama chini, maana mwanamke wa umri wangu, msharika ninayeheshimika, kucheza nimefumba macho chumbani mwa watu huku nikimwita marehemu, hiyo ni aibu ya kuzikwa nayo. Lakini mmeshasikia vipande vipande kwa watu wa kijijini kwetu Kifanya, na watu wa Kifanya wanaongeza chumvi, heri mnisikie mwenyewe.

Mjukuu wangu Sekela (mmoja tu, ananitosha kama kumi) ana kazi yake pale Makambako, anachanganya sauti za kwaya: huyu kaimba mbali, yule karibu, ngoma iko juu, yeye anawapanga mpaka wanaelewana. Kwaya yetu aliirekodi yeye, kanisani, halafu wazee wa kwaya wakaanza kunong'ona kwamba msichana asiye na spika kubwa, anayesikilizia kazi kwenye hedifoni za masikioni tu, atatuharibia nyimbo, bora kazi ipelekwe Mbeya. Siku waliyopanga kwenda kumsikiliza na kuamua, nami nikapanda gari Njombe na viazi vyangu na kitenge kipya, nikasimame upande wa damu yangu.

Nikafika mapema, wazee bado. Hapo ndipo nilipojiponza.

"Hebu nivalishe hizo hedifoni na mimi nionje," nikamwambia Sekela.

"Bibi, lakini utakaa kwenye kiti."

"Nikimbilie wapi na magoti haya?"

Chumba chenyewe kama banda la kuku, malori yananguruma nje, lakini akaniambia kuna programu inayokujengea chumba kikubwa ndani ya masikio, na juu ya hedifoni amebana kidude kama kibanio cha nywele, chenyewe kinafuata kichwa, ukigeuka kulia waimbaji hawageuki na wewe, wanabaki walipo. Nikacheka. Akawasha.

Wee! Kwaya imesimama mbele yangu. Siyo kichwani, mbele! Akina mama kushoto, vijana katikati, na kule kulia sauti moja ya besi, nzito, ya kukwaruza kama mlango wa ghalani. Mzee wangu. Mume wangu, babu yake Sekela, alirekodiwa pamoja na wenzake, mwezi uliofuata tukamzika. Nikageuza kichwa kumtafuta, na yeye hakusogea, akawa mbele ya pua yangu, anaimba.

Akili ilijua. Miguu haikuambiwa. Kwetu mwimbaji akikugusa moyo unakwenda kumtunza, unamvisha kitenge mabegani, basi nikasimama, nikafumba macho, nikakunjua kitenge changu kipya nikaenda kumvisha. Napiga hatua, simfikii. Nyingine, yuko mbali vilevile. (Kumbe kile kidude kinajua kichwa kimegeukia wapi, hakijui miguu imefika wapi.) Sekela nahisi ananivuta mkono, namsukuma. Na mwenye hedifoni hajui anavyopayuka: "Simama basi, baba! Hata huko bado unanikimbia?" Na vigelegele juu yake. Mwishowe kitenge kikapata mabega, mapana, ya moto, nikayakumbatia kwa nguvu zote.

Nikafumbua macho. Mwenyekiti wa kwaya, mlangoni, na wazee watatu nyuma yake, kofia mkononi. Nikaruka nyuma, waya ukakaza, kompyuta ikafuata waya, puu! sakafuni.

Sekela akapiga magoti akaiinua, kioo kimepasuka pembeni, bado inawaka. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza!

Nikasema, "Wazee wangu, msimhukumu mtoto kwa uchizi wa bibi yake. Mpumbavu hapa ni mimi."

Mwenyekiti kitenge bado kiko mabegani. "Mama, ulikuwa unamfuata nani?"

"Mzee wangu. Alikuwa pale, usawa wa dirisha."

Hakucheka. Akazichukua hedifoni, akakaa (yeye alikaa, ana akili), akageuza kichwa kulia taratibu, akabaki hivyo mpaka wimbo ukaisha. Alipozivua alifuta pua.

"Yupo," akawaambia wenzake. "Hata ile pumzi anayovuta kabla hajaanza. Mbeya tunafuata nini?" Kisha akamgeukia Sekela. "Ila binti, mzee umempandisha sauti mno. Anawafunika wenzake."

Mtoto akainama. Ndipo nikaelewa kwa nini nilimsikia upesi vile.

"Nimejaribu kumshusha, Bibi. Nashindwa."

"Mshushe. Hata nyumbani alikuwa anatufunika wote. Mshushe, akae na wenzake."

Akamshusha, kidogo kidogo, nami nimemshika bega.

Nimeapa, hedifoni sivai tena mbele ya watu wa kanisa, labda wanifunge kamba. Nikimtaka mzee wangu nawasha nyimbo kwenye simu, jikoni, namenya viazi huku namtafuta mle katikati ya wenzake. Siku nyingine inachukua beti mbili, tatu. Nampata.