Matanga ya Beki Shomari

Kabichi iliyopondwa na miguu ya watu ina harufu yake, kali na yenye utamu kidogo, na mpaka leo nikiisikia sokoni moyo unaniruka. Ndiyo iliyoingia Mafiga, mtaa wetu wa mjini, jioni ile timu ya Mgeta ilipokuja kutufunga. Waliteremka mlimani kwa lori la mboga, wachezaji na mashabiki wamekaa juu ya magunia, wanaimba njia nzima. Sisi watoto wa mjini tukawacheka: wauza kabichi hawa, mpira wataujulia wapi? Saa moja na nusu baadaye hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka. Tulilala manne bila, na mabao yote yalipita katikati, palepale alipotakiwa kusimama Mjomba Shomari, mdogo wake mama, nahodha na beki tuliyemtegemea. Kila walipofunga, yeye ndiye alikuwa anarudi mbio kutoka mbele, anahema, mpira umeshalala wavuni.

Watu waliondoka uwanjani wanatema mate. Huyu anasema ile si ngome, ni mlango wa msikiti, kila mtu anakaribishwa; yule anasema hata bibi yake mwenye mguu mbovu angekaba vizuri zaidi. Sasa, kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mkubwa wako, kwa hiyo aibu yake ni yako. Walipoanza kuniita “mpwa wa mlango wazi,” nilimng’ata mmoja sikio, na sijutii. Lakini Mjomba mwenyewe alikaa uani, akavua viatu, akamwambia Bibi, mama yake, kwamba mpira basi. Jumapili ilikuwa zamu yetu kupanda Mgeta kwa marudiano, na yeye hatakwenda. Niliumia kuliko nilivyoumizwa na mabao yale.

Asubuhi yake tukasikia kilio barabarani. Mbele alikuwa Mzee Masanja, fundi baiskeli, mkubwa wa mashabiki wa mtaa wetu. Alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wetu. Amejipaka majivu uso mzima! Nyuma yake kundi la watu limebeba mgomba uliovishwa jezi namba tano, ya Mjomba, waliyoichukua kwa mfuaji. “Tumefiwa jamani! Beki wetu ametutoka!” Mtani hakasirikiwi, hiyo ndiyo sheria, ukimnunia mtani, mjinga ni wewe. Mjomba akaingia ndani akajifungia. Nikadhani Bibi atatoka na mwiko. Wapi! Alitandika mkeka, akajifunika kanga, akalia kuwashinda wote. Halafu akajifuta uso, akasimama.

“Haya, msiba nimeupokea,” akasema. “Wanaume, kuni zile pale. Wanawake, maharage hayo. Matanga hayaachwi njiani. Haondoki mtu mpaka tujue marehemu aliugua nini.”

Wamenaswa! Walikuja kutania dakika chache waende zao, sasa Masanja na majivu yake anapasua kuni. Maharage yakachemka, watu wakakaa mkekani kama kwenye msiba wa kweli, na kwenye msiba watu lazima wazungumze. Marehemu alikuwa mzito, akasema mmoja. Hapana, alikuwa mbele mno, akasema mwingine. “Na huko mbele alikwenda kwa sababu gani?” Bibi akauliza. Ndipo sauti ikatoka ndani, nyuma ya mlango: “Si nyinyi! ‘Panda, Shomari, panda!’ Nani alikuwa anapiga kelele, kuku?” Ilikuwa kweli tupu. Mwaka uliotangulia alifunga bao moja la kichwa, na tangu hapo kila tukipata mpira uwanja mzima unamwita apande. Naye alikuwa mtu asiyejua kuwanyima watu wa mtaa wake kitu. Mzee Masanja akaweka sahani chini. “Loo, kumbe wauaji ndio waombolezaji,” akasema. Bibi akamjibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe ni midomo yao. Mjomba akatoka, akaivua jezi yake kwenye mgomba, akaketi kula maharage ya matanga yake mwenyewe.

Jumapili tukapanda Mgeta. Uwanja wao uko ukingoni mwa mteremko, chini yake matuta ya kabichi, na ukungu ulikuwa unapita katikati ya wachezaji. Mara nyingi midomo ilitaka kusema “panda,” na kila mara Mzee Masanja alitukazia macho. Tukapiga kelele moja tu: “Kaa, Shomari, kaa!” Akakaa. Tukapata bao moja, tukalikumbatia. Mwishoni kabisa mshambuliaji wao alitoroka peke yake, nikafumba macho. Nilipofumbua, Mjomba amesimama mbele yake, mpira anao yeye, na akaupiga ukateremka mpaka kwenye kabichi. Walipokuwa bado wanautafuta, filimbi ikalia. Mzee Masanja, mwembamba vile, alimbeba Mjomba mgongoni akizunguka uwanja: “Marehemu mzito huyu, nisaidieni!” Mgeta wenyewe walicheka, wakatupatia kabichi za njiani. Tuliimba mpaka mjini, na mimi nikaimba zaidi ya wote.

Siku hizi binti yangu ni beki wa timu ya chuo. Wiki iliyopita walifungwa matatu kwa makosa ya nyuma, na alirudi nyumbani akiwa ameinamia simu, anasoma anavyotukanwa. Akasema anaacha. Nikamwomba simu. Maneno mengine sikuyajua, hata kwa umri wangu huu. Nikamuuliza, “Kati ya wote hawa, nani anapafahamu hapa kwetu?” Akasema hakuna. “Yupi atakuja kukupasulia kuni?” Akacheka, machozi bado yapo. Nikazima simu nikaiweka juu ya kabati, nikampa viatu vyake. Mazoezi yalikuwa yanaanza saa kumi, nami nilikuwa nimeshavaa, kwa sababu safari hii shabiki wa kumwambia “kaa” ni mimi.