Glenys Aliyekataa Kuiharakisha Ngozi

Nimeuza visahani vya plastiki vya kuoteshea seli kwa maabara nyingi za mji wa Adelaide, na mteja mgumu kuliko wote alikuwa Glenys Trewartha. Alikuwa mwanamke wa mji mdogo wa Moonta, kazi yake kuotesha ngozi katika hospitali moja ya mjini. Kisahani kimoja kikiwa na mkwaruzo, ananirudishia boksi zima, kisha anataka nimpunguzie bei ya lile linalofuata.

Kiangazi kimoja moto wa nyika ulimkuta Colin Pfitzner, mkata manyoya ya kondoo, akiokoa trekta la jirani. Aliletwa ameungua kifua na miguu yote miwili. Ngozi nzima aliyobaki nayo haikutosha kumfunika. Daktari Halloran, mpasuaji, akamkata kipande kidogo kama stempu na kumpa Glenys akioteshe. Kidonda kilicho wazi hukaribisha vijidudu, na aliyeungua kiasi kile huuawa na vijidudu. Wodi nzima ikabaki inautazama mlango wa Glenys.

Kazi yenyewe inataka subira. Seli za ngozi ukizilisha maji yenye kalsiamu kidogo sana, zinazaana tu, kila moja na lake. Ukiongeza kalsiamu, zinashikana, zinapandana tabaka juu ya tabaka, zinakomaa na kuwa utando unaoweza kubanduka mzima. Lakini seli iliyokomaa haizai tena. Ukiiongeza mapema umepata ngozi, ila kidogo, na mbegu umeimaliza.

Asubuhi moja nilikuwa napakua maboksi pale Halloran alipoingia. Alisema kifua cha Colin kimeanza kutoa majimaji asiyoyapenda, basi visahani vyote vitiwe kalsiamu siku ile ile. Glenys akamwambia vingi havijajaa hata nusu.

"Colin hawezi kungoja mpaka wewe uridhike, Glenys."

"Na miguu utaifunika na nini, daktari? Soksi zako?"

Halloran alicheka bila kupenda, akasema maiti haihitaji miguu.

Mimi soko nalijua. Wote wawili walikuwa na haki, na katika hali hiyo asiyekubali kushuka bei huondoka mikono mitupu. Glenys alifungua kabati la joto la kuoteshea seli, akavipitisha visahani chini ya darubini, akavitenga mafungu mawili. Vilivyojaa vitiwe kalsiamu leo. Vilivyobaki, seli zake zigawanywe kwenye visahani vipya, ziendelee kuzaana.

"Kifua nakupa," alisema. "Miguu ni yangu mpaka niseme mimi."

Halloran aliomba aongezewe visahani viwili vitatu kutoka fungu la pili. Hakupata hata kimoja. Mimi nilinyang'anywa maboksi yangu yote, na punguzo nikalitoa pale pale.

Utando wa kwanza ulibandikwa kifuani ukiwa umelazwa juu ya shashi. Colin aliutazama, akauliza kama wamemletea ganda la kitunguu.

"Ni wewe huyo, Colin," Glenys alimjibu. "Nimekulisha kila siku, na bado unalalamika."

Bendeji zilipofunguliwa, pembeni palikuwa pameoza kidogo, lakini sehemu kubwa ilikuwa imeshika. Yale majimaji yalikauka. Halloran akaanza kupita maabara kila siku, anasimama mlangoni, anauliza, "Bado?" Glenys anajibu bado, bila kuinua kichwa. Wenzake walipokwenda kula pai ya nyama inayoelea kwenye supu ya njegere, chakula cha mji ule, yeye alikula mkate wake karibu na kabati.

Siku alipoona seli zimejaa mpaka ukingoni, aliongeza kalsiamu mwenyewe. Kesho yake akaniita nichungulie darubini. Zile zilizokuwa zimetawanyika zilikuwa zimeshikana kama vigae vya sakafuni. Halloran alizibeba mwenyewe mpaka chumba cha upasuaji.

Mguu wa kulia ulishika vizuri. Wa kushoto ulirudiwa, kwa sababu utando ni mwembamba na unachanika. Lakini mbegu ilikuwepo: Glenys alikuwa ameacha visahani vichache bila kuviongezea kalsiamu.

Nilipopeleka mzigo mwingine, Colin alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameshika chuma chake, anawatania wauguzi kwamba kondoo wake wamemngoja mpaka wamekuwa na manyoya ya kufagia barabara. Glenys alikuwa amechuchumaa mbele yake, anakagua goti.

"Kunja," alimwambia.

Colin akalikunja polepole, na ngozi ikafuata.